Bibi Hutchinson Mbele ya Baraza

Wasikilizaji wangu, mtu akiwa na mwenendo mwema, haibi, hasemi uongo, wala hakosi kwenda kanisani, je, wema huo ni dalili kwamba Mungu amemkubali? Swali hili nusura liipasue nchi changa, nami jioni hii nataka kuwaeleza ilivyokuwa.

Wapuritani walikuwa Wakristo wa Uingereza waliotaka kanisa la nchi yao lisafishwe. Mwaka 1630 wengi wao walivuka bahari, wakajenga mji wa Boston katika nchi ya Massachusetts, huko Amerika. Mwaka 1634 akafika Bibi Anne Hutchinson, na mumewe, na watoto wao. Wanawake wakazoea kukutana nyumbani kwake kuyazungumza mahubiri ya Jumapili. Hata wanaume nao wakaja, wakawa watu sitini au zaidi.

Sasa tazameni asili ya ugomvi. Wote walikubali kwamba mtu huokolewa kwa neema, si kwa matendo yake. Lakini wachungaji wengi walifundisha kwamba mwenendo mwema huonyesha neema hiyo, kama vile dalili ya mvua ni mawingu. Bibi Hutchinson alikataa. Mawingu mengi hupita pasipo kunyesha, na mnafiki naye aweza kuzishika amri. Ushahidi wa kweli hutoka kwa Roho Mtakatifu moyoni. Adui zake wakamwita mpinga sheria, jina ambalo mwenyewe hakulikubali.

Labda mtaiona tofauti hii kuwa ndogo. Lakini katika nchi ile mwanamume hakuweza kupiga kura ila awe mshiriki wa kanisa, na ili apokewe ilimpasa aonyeshe dalili za neema. Basi, ikiwa mwenendo si dalili, nani atajua ni yupi astahiliye kutawala? Tena mtu akiongozwa na Roho moyoni tu, hakimu atamzuiaje?

Mwezi wa Novemba 1637 alishtakiwa mbele ya baraza, Gavana John Winthrop akiwa mshtaki na mwamuzi pamoja, jambo ambalo sisi tusingeliita haki. Bibi alijibu kwa maarifa, akadai wachungaji waape kabla ya kumshuhudia; hata siku ya pili mashtaka yakaanza kulegea. Ndipo mwenyewe akatamka kwamba Mungu humfunulia mambo bila mtu kati, na kwamba wataadhibiwa kwa kumdhulumu. Hawakuhitaji zaidi. Akahukumiwa kufukuzwa, na mwezi uo huo watu 75 wakaamriwa kutoa silaha zao.

Machi 1638 kanisa nalo likamtenga. John Cotton, mchungaji ambaye Bibi alimfuata kutoka Uingereza kwa kuyapenda mafundisho yake, alikuwa miongoni mwa waliomkemea. Akahamia Rhode Island, kisha, mumewe alipokwisha kufa, nchi ya Waholanzi. Huko aliuawa mwaka 1643 pamoja na wengi wa nyumba yake, katika vita vya Waholanzi na wenyeji. Mwaka 1987 Gavana wa Massachusetts aliifuta hukumu yake, baada ya miaka 350.