Upinde Huanzia Kwenye Shabaha

Kijana wa Msamvu atamaniye kuwinda kwa upinde na mishale hutazama kwanza kule aliko mnyama. Upande mmoja yaonekana milima ya Uluguru. Barabara ya Iringa nayo humfikisha Mikumi. Ndugu msomaji, ikiwa kijana huyo ni wewe, fahamu kwamba kote kuwili njia imefungwa. Mikumi ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1964, na kukutwa humo na upinde bila ruhusa ni kosa, hata kama hujaua kitu. Misitu ya Uluguru nayo imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Hata nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 yatamka kuwa wanyamapori ni mali ya umma. Basi hatua yako ya kwanza iwe kwenda katika ofisi za Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, mjini Morogoro, uulize kama kibali chapatikana, cha mnyama gani, na kwa silaha gani.

Hata hivyo, kujifunza upinde hakuhitaji mnyama. Funga mzigo mnene wa nyasi kavu, uuegemeze kwenye kichuguu au ukingo wa udongo ambapo nyuma yake hapapiti mtu. Simama hatua kumi tu. Kama watumia mkono wa kulia, elekeza bega la kushoto kwenye shabaha, miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Vuta ugwe kwa vidole vitatu, ukitumia misuli ya mgongo, mpaka mkono uguse taya. Na kila mara uguse pale pale. Kisha legeza vidole, usivifyatue. Funga kipande cha ngozi kwenye kigasha cha kushoto ili ugwe usikuchubue. Kamwe usiachie ugwe usio na mshale, maana upinde waweza kuvunjika.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao upinde ndio maisha yao, humpa mtoto wa kiume upinde angali mdogo sana. Hulenga shabaha, kisha ndege na wanyama wadogo, kwa miaka mingi kabla ya kumkabili mnyama mkubwa.

Hapana budi iwe hivyo. Risasi huua kwa kishindo. Mshale usio na sumu huua kwa kumwaga damu. Ukikosa kifua, mnyama hukimbia na jeraha, akafia mbali kwa mateso, na nyama ikaliwa na fisi. Sumu nayo usiiguse: mchubuko mdogo mkononi watosha kukuangamiza.

Mwindaji hodari hajulikani kwa mishale aliyoirusha tu, bali na ile aliyoirudisha podoni kwa kuwa hakuwa na hakika. Mkono wako ukishindwa kupiga nyasi zisizokimbia, mwache mnyama apite.