Jinsi mabwanyenye wa Ireland walivyolipwa ili kuachia ardhi

Jioni ya Novemba 2, 1847, Meja Denis Mahon alikuwa akirejea nyumbani kwa gari la farasi alipopigwa risasi na kuuawa karibu na mji mdogo wa Strokestown, kaunti ya Roscommon, magharibi mwa Ireland. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Inasimuliwa kwamba usiku huo baadhi ya wanakijiji waliwasha mioto vilimani kwa furaha.

Chuki hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka wa 1641 Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini humo, walimiliki takriban asilimia 60 ya ardhi. Baada ya vita vya Oliver Cromwell na kushindwa kwa Mfalme James wa Pili mnamo 1690, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 14 kufikia 1703. Sheria ya 1704 ikawapiga marufuku kununua ardhi. Mashamba yao yalikuwa yamegawiwa maafisa wa jeshi na wafuasi wa Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Ukoo wa Mahon nao ulipata ardhi ya Strokestown katika karne hiyo.

Hivyo ndivyo ulivyozuka mfumo wa jumba kubwa la mawe lililozungushiwa ukuta mrefu, na nje ya ukuta huo maelfu ya wapangaji katika vibanda vya udongo. Wapangaji wengi hawakuwa na mkataba wa kudumu. Aliyejenga ua au kuchimba mtaro wa kutoa maji shambani aliweza kupandishiwa kodi kwa sababu shamba lake limependeza. Nani basi angejisumbua? Mabwanyenye wengine waliishi London, wakamwachia wakala kazi ya kukusanya kodi na kufukuza watu.

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba wakuu hao wote walikuwa na fedha. Mali ilirithiwa na mwana wa kwanza, lakini wadogo zake walistahili posho na dada zake mahari ya kupeleka kwa waume zao, na yote hayo yalilipwa kwa kuweka ardhi rehani. Wengi waliishi kifahari juu ya lindi la madeni.

Ugonjwa wa ukungu ulipoharibu viazi kuanzia 1845, mfumo huo ulianguka. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sheria ilimtwika mwenye ardhi ushuru wa kugharimia maskini wa vishamba vidogo kabisa, kwa hivyo kuwafukuza kukawa njia ya kupunguza gharama. Mahon aliwalipia nauli wapangaji takriban 1,000 kwenda Kanada mwaka wa 1847. Kati ya abiria 476 waliopanda meli ya Virginius, 158 walifia baharini. Habari hizo zilikuwa zimefika Strokestown kabla ya risasi kulia.

Lakini kumuua bwanyenye hakukubadilisha umiliki. Silaha iliyofaulu ilikuwa nyingine. Mnamo 1879 Michael Davitt, ambaye familia yake ilifukuzwa shambani akiwa mtoto, aliasisi Chama cha Ardhi, kikiongozwa na Charles Stewart Parnell, yeye mwenyewe mwenye ardhi na Mprotestanti. Mwaka uliofuata Parnell aliwahimiza watu wamtenge yeyote atakayechukua shamba la aliyefukuzwa. Wa kwanza kuonja adhabu hiyo kwa kishindo alikuwa Kapteni Charles Boycott, wakala wa Lord Erne katika kaunti ya Mayo. Vibarua walimtoroka na wenye maduka wakakataa kumuuzia bidhaa. Wavunaji 50 waliletwa kutoka kaskazini wakilindwa na askari wapatao 1,000 kuvuna mazao yasiyofikia hata sehemu ndogo ya gharama ya ulinzi huo. Kabla ya mwaka kwisha alihama, na jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia.

Serikali ya London iliona kwamba kodi haikusanyiki tena. Sheria ya 1881 iliunda mahakama za kuamua kodi ya haki, na ile ya 1903, iliyotungwa na Waziri George Wyndham, ikamaliza kazi. Serikali ilimkopesha mpangaji bei yote ya shamba, naye akalipa kwa awamu za kila mwaka kwa miaka 68 na nusu. Bwanyenye alipokea bei yake pamoja na nyongeza ya asilimia 12 kutoka hazina ya serikali.

Mkulima, basi, alinunua kwa mkopo ardhi aliyoamini kwamba babu zake walinyang'anywa. Wakenya wanaokumbuka Mpango wa Ekari Milioni Moja, ambapo kuanzia 1962 wakulima walikopeshwa fedha za kununua mashamba ya walowezi, hawatauona uchungu huo kuwa mgeni. Mwaka wa 1932 Eamon de Valera alikataa kuendelea kupeleka malipo hayo London. Uingereza ikalipiza kwa kutoza ushuru ng'ombe wa Ireland, na walioumia zaidi ni wafugaji hao hao. Mzozo ulikwisha 1938 kwa malipo ya mara moja ya pauni milioni 10.

Majumba yalibaki bila wapangaji wa kuyalisha. Karibu 300 yaliteketezwa kati ya 1920 na 1923, na mengine yakauzwa au kuachwa yabomoke. Tume ya Ardhi, iliyoendelea kugawa mashamba makubwa kwa miongo mingi, ilivunjwa 1999.

Jumba la Strokestown lilinusurika. Ukoo wa Mahon uliliuza mwaka wa 1979 kwa mfanyabiashara wa eneo hilo aliyehitaji nafasi ya malori yake. Ndani yake alikuta shehena ya nyaraka za shamba, zikiwemo barua za wapangaji wa 1846 wakiomba chakula na kazi. Akabadili nia. Tangu 1994 Makumbusho ya Kitaifa ya Njaa yako hapo, na barua hizo zimehifadhiwa.