Mwalimu bora atuzwe kwao

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Mbona basi Mwalimu Peter Tabichi wa Keriko, Kaunti ya Nakuru, alituzwa Dubai mwaka 2019, akapewa dola milioni moja na wakfu wa kigeni? Shule yake ya umma ilikuwa na kompyuta moja tu, naye akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini.

Mwaka 2018 serikali iliweka Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Naipongeza. Hata hivyo, fedha hizo hufungua mlango wa darasa. Anayefundisha ndani ni mwalimu. Napendekeza kila kaunti itengewe fungu la kuwatuza walimu bora, wala kigezo kisiwe alama za mtihani pekee. Tusingoje wageni watuonyeshe lulu zetu.