Fahamu: Mafuta na misuli ya mwili hupimwaje?
Katika kliniki za watoto za pwani ya Bagamoyo, Saadani ikiwemo, hali ya lishe huchunguzwa kwa mizani na kwa utepe wa rangi tatu unaozungushwa katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5, yaani eneo jekundu, huashiria utapiamlo mkali unaohitaji matibabu ya haraka.

Vipimo hivyo, ingawa huokoa maisha, havitenganishi mafuta na misuli. Kwa hiyo watafiti humnywesha mtu maji yenye deuteriamu, haidrojeni nzito isiyo na mionzi, kisha hupima deuteriamu iliyo katika mate yake ili kujua kiasi cha maji mwilini. Kwa kuwa takriban asilimia 73 ya tishu zisizo mafuta ni maji, uzito wa tishu hizo hukokotolewa kutokana na kiasi hicho, na uzito wa mwili unaobaki ndio mafuta.