Let-410: ndeke tunayoipanda, kilo tusizohesabu

Kama unachimba Walikale ao Shabunda, ao kama bwana yako iko kule, Let-410 unaijua: ndeke ndogo ya motere mbili, mabawa juu, matairi kando ya tumbo. Inashuka ku kiwanja cha udongo mahali ndeke kubwa haiwezi kukaribia. Mafundi wa Kunovice, katika Chekoslovakia ya zamani, waliirusha mara ya kwanza mwaka wa 1969, na zaidi ya 1 100 zimetengenezwa. Ilifanyiwa viwanja vifupi na vibaya. Kwa upande huo, haina deni na sisi.

Watu wanasema: «Motere moja ikizima, ingine inabaki.» Ni kweli, lakini kuko sharti. Modeli ya viti 19 inaondoka chini na kilo 6 400 ao zaidi kidogo: chuma yenyewe, mafuta, piloti, abiria na mizigo, vyote pamoja. Ukipitisha hapo, ile motere moja inashindwa kuibeba.

Hapa mchimbaji anajua kitu ambacho karani wa biro hajui. Mfuko wa kasiteriti wa kilo 50 ni mudogo, unaingia chini ya kiti. Unga wa kilo 25 unaonekana mkubwa kuupita. Macho inadanganya, mizani haidanganye. Wazee wa Bisie wanakumbuka Kilambo, miaka ile ya 2000, ndeke zikishuka ku barabara ya lami kuchukua madini kupeleka Goma.

Tena uzito haitoshi, lazima ujue uko wapi. Tarehe 25 Agosti 2010, Let-410 iliyotoka Kinshasa ilianguka juu ya nyumba karibu na kiwanja cha Bandundu. Watu 21 walikuwa ndani, 20 walikufa. Kwanza watu walisema mafuta iliisha. Kisha yule mmoja aliyepona akasimulia: mamba alitoka katika mfuko wa abiria, watu wakakimbia wote mbele, ndeke ikapoteza usawa. Tulicheka sana juu ya mamba huyo. Lakini uondoe mamba, uweke mifuko ambayo haikufungwa na kamba, inayoteleza wakati ndeke inainua pua: matokeo ni yale yale.

Ongeza mulima. Kavumu, kwa Bukavu, iko juu ya metre 1 700. Saa sita ya mchana, jua kali, hewa inakuwa nyepesi. Motere na mabawa hazipate nguvu ya asubuhi. Piloti akikataa mizigo saa ile, usimutukane.

Je, Let ni ndeke mbaya? Mimi sisemi hivyo. Umoja wa Ulaya umefungia kompanyi zote zenye kupewa ruhusa na serikali yetu, si aina moja ya ndeke: wanachotilia mashaka ni namna tunavyozichunga.

Basi, mama, papa, mukifika ku kiwanja, muombe kupimwa na mfuko wa mukono pia. Muangalie kama mizigo ya nyuma imefungwa na wavu. Muhesabu viti. Na mukiona mutu amekaliwa ku mufuko katikati ya njia, mushuke, na mambo ya tiketi mutayapigania mukiwa chini.