Sukari ya viazi: mvumbuzi alikufa maskini

PENRITH, Sydney – Sukari inayouzwa madukani hapa Penrith, magharibi mwa Sydney, kwa kawaida hutokana na miwa ya Queensland. Ulaya ya kaskazini, ambako muwa haustahimili baridi, sukari hutolewa kwenye kiazi. Kisa cha kiazi hicho kinatuhusu pia sisi wa Afrika Mashariki, tulio nyumbani na tulio ughaibuni.

Mwaka 1747, mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alionyesha kuwa kiazisukari, ndugu wa bitiruti, kina sukari ile ile ya muwa. Ugunduzi wake ulibaki maabara. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, ndiye aliyeupeleka shambani. Alichagua mbegu zenye utamu zaidi, na mwaka 1801, kwa mkopo wa mfalme wa Prussia, akanunua shamba huko Cunern, ambako leo ni Poland. Mwaka 1802 kiwanda kikaanza kazi: viazi vilisagwa na kukamuliwa, maji yake yakasafishwa na kuchemshwa hadi yakaganda chembechembe.

Mwaka 1807, wakati wa vita, kiwanda kiliungua. Achard alifariki mwaka 1821 akiwa fukara.

Waliofaidika ni wengine. Vita na Uingereza vilipoikatia Ufaransa sukari ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa kwa jasho la watumwa Waafrika, Napoleon aliamuru mwaka 1811 hekta 32,000 zipandwe viazi hivyo.

Australia nayo ilijaribu. Kiwanda cha Maffra, jimbo la Victoria, kilifunguliwa mwaka 1898, lakini ukame na uhaba wa viazi vikakisimamisha upesi. Serikali ilikichukua, kikafufuliwa mwaka 1910, kikafungwa moja kwa moja mwaka 1946. Wakulima wengi waliona ng'ombe wa maziwa wana faida zaidi.

Hapo ndipo tunapokumbuka Mumias, magharibi mwa Kenya. Kiwanda hicho kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Wakulima walikuwa wamengoja malipo ya miwa yao hadi wengine wakaing'oa na kupanda mahindi.

Mitambo hununuliwa, na mfalme anaweza kukopesha. Lakini mkulima asipolipwa, kiwanda kitasaga nini?