Mapumziko ya baharia ni haki, si hisani

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alitangaza darasani kwamba anataka kuwa baharia. Wenzake waliangua kicheko. Hapa Machakos tumezungukwa na vilima vya Iveti, na maji mengi tuyajuayo ni ya Bwawa la Maruba. Mimi sikucheka. Nilimuuliza: "Mwanangu, saa ambazo huko kazini utazitumiaje?" Alinijibu kwamba mshahara hulipwa kwa dola.

Swali langu halikuwa la mzaha. Meli kubwa ya shehena huwa na watu ishirini hivi tu, na mkataba unaweza kudumu miezi tisa. Aghalabu zamu ni saa nne kazini na saa nane nje ya kazi, usiku na mchana. Akitoka zamu, baharia hana mtaa wa kutembelea wala jirani wa kupiga naye soga. Ana chumba chake, sitaha na nyuso zilezile. Hucheza karata, dhumna au mpira wa meza, na hutazama filamu aliyokwisha kuikariri. Wafilipino, ambao ni wengi katika kazi hii, hupenda kuimba karaoke.

Zamani meli ilikaa gatini majuma kadhaa ikipakuliwa, na mabaharia wakautembea mji. Makasha ya mizigo yaliharakisha kazi hiyo. Siku hizi meli nyingi huondoka kabla baharia hajapata nafasi ya kushuka. Ndiyo maana vituo kama kile cha Mission to Seafarers kilichoko Mombasa vina thamani kubwa. Shirika hilo la Kikristo lilianzishwa Uingereza mwaka 1856 ili kuwahudumia watu hawa.

Mwishoni mwa mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini ingawa mikataba yao ilikuwa imekwisha. Hapo ulimwengu ulitambua kwamba upweke nao ni hatari ya kazini.

Sheria ipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unaelekeza kwamba baharia apate angalau saa kumi za mapumziko katika kila saa 24. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanazungumzia pia intaneti melini, ili baharia asikie sauti ya mama yake. Mkataba huo unapendekeza hata maktaba, yenye vitabu vinavyobadilishwa kila baada ya muda. Lakini pendekezo si amri. Mwenye meli mbahili aweza kulipuuza, na baharia asiyejua haki zake atadhani amenyimwa anasa.

Walimu wenzangu, tunapowashauri vijana kuhusu kazi, tusiishie kwenye mshahara. Tuwafundishe kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Tuwajengee pia mazoea ya kusoma vitabu, kuimba na kucheza, mambo ambayo shule nyingi huyafuta kwenye ratiba mtihani ukaribiapo. Tunayafuta tukidhani ni upuuzi, kumbe ndiyo yatakayomtunzia kijana akili zake katikati ya bahari.

Nawe mwanafunzi, nenda baharini ukipenda. Ila kabla ya kuuliza utalipwa kiasi gani, uliza utapumzika saa ngapi.